Mlima wa Vail na Bei ya Theluji

Kila mwenye kuuza samaki sokoni anaijua kanuni ambayo hakuhitaji kufundishwa darasani: bei ikipanda, wanunuzi hupungua. Kwa kanuni hiyo, mahali palipo ghali kupita kiasi tungetazamia pawe na nafasi ya kutosha, kwa maana wengi watakuwa wameshindwa kufika. Lakini upo mlima mmoja katika jimbo la Colorado, nchini Marekani, uitwao Vail, ambao tangu ulipofunguliwa mwaka 1962 umezidi kuwa ghali na umezidi kujaa watu, mambo hayo mawili yakienda pamoja kama miguu ya mtu mmoja. Katika majira ya Krismasi ya mwaka 2024, tiketi ya siku moja ya kupanda mlima huo ilipita dola 300. Na wale waliokwisha kupanda walisimama safu kungojea kupandishwa tena. Nia ya insha hii ni kueleza jinsi jambo hilo lilivyotokea. Halikuwa bahati mbaya. Lilijengwa hatua kwa hatua, na waliolijenga wanajulikana.

Yafaa kwanza tuelewane juu ya mchezo wenyewe, kwa sababu lugha yetu ililipokea neno theluji kutoka Kiarabu, na theluji yenyewe wengi wetu tumeiona kwa mbali tu, juu ya Kibo. Skii ni mchezo wa kuteleza. Mtu hufunga miguuni mbao mbili ndefu na nyembamba, akashika fimbo mbili mikononi, akashuka mteremko wa theluji kwa kasi. Kushuka ni kazi ya dakika chache. Kupanda kwa miguu ni kazi ya saa nyingi. Hapo ndipo mlango wa biashara ulipofunguka. Mvuto wa dunia humshusha mtu bure, lakini kumpandisha kunataka nguzo, nyaya za chuma, injini na viti vinavyoning'inia. Mwenye mitambo hiyo hauzi theluji, kwani theluji huanguka yenyewe. Wala hauzi mlima, kwani mlima, kama tutakavyoona, si wake. Anauza upandaji. Kila mtu aliye mlimani humhitaji mara kumi au ishirini kwa siku, na kila mara hiyo ni nafasi ya kusimama safu.

Bonde la Vail lilikuwa katika nchi ya Waute. Kijito kinachopita katikati ya mji wa leo huitwa Gore, kwa jina la bwana mmoja tajiri wa Ireland, Sir St George Gore, aliyezunguka milima na mbuga za magharibi ya Marekani kati ya 1854 na 1857 akiwinda kwa anasa, akaua wanyama kwa maelfu. Nchi ile, basi, ilimpokea mtalii wake wa kwanza wa gharama kubwa kabla haijawa na barabara. Waute wenyewe waliondolewa katika sehemu kubwa ya Colorado mwaka 1881, baada ya ugomvi wao na serikali uliotokea miaka miwili nyuma. Masimulizi ya huko husema kwamba walipokuwa wakiondoka waliichoma misitu kwa uchungu, na ndiyo sababu mabonde mapana yaliyo nyuma ya mlima hayana miti. Sidhani kwamba masimulizi hayo yamethibitishwa. Lakini ni hadithi yenye kuwafaa waliobaki, maana mabonde yale yasiyo na miti ndiyo yaliyokuja kuwa mali kuu ya Vail: ni mahali ambapo mtu aweza kuteleza popote apendapo pasipo kugonga shina.

Mambo yalianza na vita. Mwaka 1942 jeshi la Marekani lilijenga kambi iitwayo Camp Hale katika bonde la juu kusini ya Vail, ili kufundisha askari wa kupigana milimani. Huko walizoezwa askari wa Divisheni ya Kumi ya Milimani, wakapelekwa Italia, na mwezi wa Februari 1945 wakapanda usiku ukingo wa Riva na kuuteka. Miongoni mwao alikuwamo kijana aitwaye Pete Seibert. Mwezi uliofuata alijeruhiwa vibaya, hata ikadhaniwa kwamba hatateleza tena. Akateleza. Alifanya kazi ya uokoaji katika mlima wa Aspen, akaenda Uswisi kusoma kazi ya hoteli huko Lausanne, akarudi Colorado na shauku moja: kupata mlima wake mwenyewe.

Mlima hakuuona yeye. Alionyeshwa na Earl Eaton, mzaliwa wa wilaya ile ile, mtu wa kazi za mikono aliyekuwa akizungukazunguka vilima kutafuta madini ya urani. Mwezi wa Machi 1957 Eaton alimwongoza Seibert kupanda kwa muda wa saa saba katika theluji nzito mpaka kileleni. Kutoka barabarani mlima ule hauonyeshi chochote cha ajabu. Ni mgongo mrefu wenye miti. Ukifika juu ndipo yanapofunuka yale mabonde ya nyuma. Yamkini umbo hilo la kujificha ndilo lililoulinda usichukuliwe mapema na wengine.

Sasa twafika penye kiini cha habari, nami nitakaa hapa kidogo. Seibert na wenzake walihitaji ardhi ya namna mbili. Mlima wenyewe ulikuwa msitu wa taifa, mali ya umma, chini ya Idara ya Misitu. Huo haukuweza kununuliwa, ila kuombewa kibali cha kuutumia, na Idara ikakitoa baada ya kusita. Lakini chini ya mlima, ukingoni mwa kijito, palikuwa na mashamba ya mifugo ya watu binafsi. Hayo waliyataka kwa bei ya malisho, kabla mwenye shamba hajajua kwamba yatakuwa mji. Wakajiandikisha kwa jina la chama cha uvuvi na uwindaji, wakanunua shamba la kwanza la kama ekari 500 kwa dola 110 kila ekari. Wenye kuweka mtaji walitoa dola 10,000 kila mmoja, nao wakapata, pamoja na sehemu yao katika kampuni, haki ya kiwanja cha kujenga na pasi za maisha za kupandia mlima.

Msomaji akitafakari mpango huo ataona kwamba tiketi haikuwa biashara kuu hata siku ya kwanza. Biashara kuu ilikuwa ardhi ya bondeni. Mlima wa umma ulikuwa ndio unaoipa thamani, na watu wengi zaidi mlimani walimaanisha viwanja vya thamani zaidi chini yake. Sisemi kwamba Seibert alikuwa mtu mwenye tamaa. Wote wamwelezao humwona kama mtu aliyependa theluji kuliko fedha, na mwisho wake katika kampuni unathibitisha hivyo. Lakini nyumba hujengwa kwa msingi wake. Mahali palipoanzishwa ili kila mgeni mpya aongeze thamani ya kiwanja cha mgeni wa zamani, hapawezi kwa hiari yake kusema, "Sasa tumetosha."

Mlima ulifunguliwa tarehe 15 Desemba 1962, wenye vigari vya kebo vilivyotoka kijijini kwenda katikati ya mlima, na njia mbili za viti. Tiketi ya siku moja ilikuwa dola tano. Katika miaka hiyo ya mwanzo theluji ilichelewa, kampuni ikaingiwa na hofu, ikawaalika Waute kutoka kusini ya Colorado waje kucheza ngoma ya kuita theluji. Theluji ikaanguka, na habari hiyo husimuliwa Vail kwa furaha hata leo. Watu waliofukuzwa katika bonde lile miaka themanini nyuma walirudishwa kwa siku chache wawaokoe wenye viwanja. Sijui kama nao huisimulia kwa furaha ile ile.

Mwaka 1966 Vail ukawa mji wenye serikali yake. Nyumba zilijengwa kwa mtindo wa Bavaria na Austria, na magari yakazuiwa kuingia katikati ya kijiji. Familia ya Gerald Ford ilianza kwenda huko mwishoni mwa miaka ya 1960; na alipokuwa Rais, mwaka 1974, akaifanya Krismasi yake huko, waandishi wa magazeti walimfuata na jina la Vail likaenea duniani.

Rais alileta sifa, lakini barabara ndiyo iliyoleta watu. Kati ya Vail na mji mkubwa wa Denver pana mwendo wa kama maili 100, na katikati yake pamesimama uti wa mgongo wa bara la Amerika. Tarehe 8 Machi 1973 lilifunguliwa handaki lililopewa jina la Eisenhower, lililo juu ya futi 11,000 kutoka usawa wa bahari. Na mwaka 1979 likafunguliwa la pili kando yake. Safari iliyokuwa ya kuvuka mlima kwa hofu ikawa safari ya asubuhi moja. Barabara hiyo ilijengwa na serikali kwa fedha za walipa kodi, na leo kila Jumamosi na Jumapili ya majira ya baridi magari husimama humo mkia kwa pua kwa saa nyingi. Ni vema kukumbuka kwamba watu wa Colorado waliwahi kusema hapana. Denver ulikuwa umepewa Michezo ya Olimpiki ya baridi ya mwaka 1976. Mwaka 1972 wananchi walipiga kura kukataa kuigharimia, na michezo ikahamia Innsbruck, Austria. Walihofia gharama na wingi wa wageni. Walizuia wageni wa wiki mbili, na hawakuwazuia wale wa kila wiki.

Habari za wenye kampuni nitazipitia upesi, kwa kuwa zafanana na za kampuni nyingi. Katika miaka ya 1970 Harry Bass, tajiri wa mafuta wa Texas, alitwaa mamlaka, na Seibert akatoka. Mwaka 1985 George Gillett aliinunua. Madeni ya biashara zake nyingine yakamwangusha, na mwaka 1992 ikaangukia mikononi mwa wawekezaji wa New York. Mwaka 1997 ikanunua pia milima jirani ya Breckenridge na Keystone, na hisa zake zikaanza kuuzwa hadharani kwa jina la Vail Resorts. Tangu hapo kampuni ilikuwa na bwana mpya asiyeonekana mlimani, yaani mwenye hisa, ambaye kila miezi mitatu huuliza kama mapato yamezidi.

Mwaka uliofuata kampuni ilipotaka kuongeza eneo jipya upande wa kusini, watetezi wa wanyama walipinga kwa hoja kwamba msitu ule ulikuwa makao yafaayo paka-mwitu aitwaye linksi, ambaye ni nadra kuonekana. Walishindwa mahakamani. Usiku wa tarehe 19 Oktoba 1998 majengo kadhaa ya kileleni yalichomwa moto, hasara ya kama dola milioni 12, na kikundi cha siri kikadai kwamba ndicho kilichofanya. Waliopatikana na hatia walifungwa miaka mingi. Moto huo haukuokoa mti hata mmoja. Eneo jipya lilifunguliwa mwaka 2000, na chuki ya mji dhidi ya wachomaji iliwanyamazisha hata wale waliokuwa na hoja za haki.

Lakini tukio kubwa la mwaka 1998, kwa maoni yangu, halikutokea Vail. Lilitokea Idaho, katika mlima mdogo uitwao Bogus Basin, ambao watu wa Vail hawakuwa na sababu ya kuujali. Pasi ya msimu mzima huko ilikuwa kama dola 500. Mwanzoni mwa mwaka huo wakaishusha mpaka dola 199, kwa sharti la kununua mapema, na wanunuzi wakaja kwa wingi usiotazamiwa, hata mapato yakawa makubwa kuliko ya zamani. Mwaka huo huo Winter Park, mlima ulio karibu na Denver, ukauza pasi nne za msimu kwa jumla ya dola 800. Vita vya bei vikaanza katika Colorado. Vail hawakuweza kukaa kando.

Walichojifunza katika vita hivyo kilizaa Epic Pass ya mwaka 2008. Kwa dola 579 mtu alipata ruhusa ya kuteleza msimu wote, siku zozote, katika milima yote ya kampuni, mradi anunue kabla ya baridi kuingia. Fikiri faida yake kwa muuzaji. Biashara ya theluji tangu zamani ilikuwa kamari: mwaka wa theluji haba, watu hawaji, na benki haisubiri. Kwa pasi hii fedha ziliingia kabla chembe moja haijaanguka. Hasara ya ukame ikahamishwa kutoka kwa kampuni kwenda kwa mteja, naye mteja akashukuru, kwa sababu bei ilikuwa nzuri.

Ili watu wanunue mapema, ilibidi kuchelewa kuogopeshe. Hapa ndipo fumbo tulilolianza linapofumbuka. Mlima wa Vail una bei mbili. Moja ni ya pasi. Ya pili ni ya dirishani, anayolipa mtu aliyekuja asubuhi na fedha mkononi kama walivyokuja watu wa 1962. Bei ya pili imepandishwa mwaka kwa mwaka, na kazi yake kubwa haikuwa kuuza tiketi. Kazi yake ni kumfanya kila mwenye akili akimbilie pasi. Na mwenye pasi, akiisha kulipa, kila siku ya kuteleza kwake ni bure. Theluji ikianguka Ijumaa usiku, wote wenye pasi huamka na fikira moja. Bei kubwa ya dirishani haipunguzi watu mlimani. Ndiyo inayowasukuma katika mlango wa pili, na mlango huo hauna kizuizi.

Tupime kwa mizani ya mfanyakazi. Mwaka 1962 kima cha chini cha mshahara cha taifa kilikuwa dola 1.15 kwa saa. Tiketi ya dola tano ilikuwa kazi ya saa nne na dakika ishirini hivi. Mwishoni mwa mwaka 2024 kima cha chini cha Colorado kilikuwa dola 14.42, kikubwa kuliko cha taifa. Tiketi ya dirishani ilihitaji kazi ya zaidi ya saa ishirini. Kama ile dola tano ingalifuata tu kupanda kwa bei za vitu vyote Marekani, ingalikuwa kama dola 52. Hata hivyo haki inanidai niseme upande wa pili. Mwaka 2021 kampuni ilipunguza bei ya pasi kwa asilimia 20, ikawa dola 783, na mtu wa Denver anayeteleza siku thelathini kwa msimu alilipa kama dola 26 kwa siku. Huyo, kwa thamani ya fedha, aliteleza kwa bei ndogo kuliko mgeni wa kwanza wa Seibert. Aliyepotea ni mwingine: mzazi anayetaka kuwaonja watoto wake mchezo huu kwa siku moja, asiyejua mwezi wa Septemba kama mwezi wa Februari atakuwa na kazi.

Mwaka huo pasi zilizouzwa zilizidi milioni mbili, na majira ya baridi yaliyofuata yakawa ya malalamiko. Kule Stevens Pass, mlima mwingine wa kampuni katika jimbo la Washington, wafanyakazi walikuwa wachache hata sehemu kubwa ya mlima haikufunguliwa, na watu zaidi ya 40,000 wakatia majina yao katika hati ya kulalamika. Kampuni ikaitikia kwa kupandisha mshahara wake wa chini mpaka dola 20 kwa saa, na kwa kuweka kikomo cha tiketi za siku. Zingatia neno hilo: kikomo kiliwekwa juu ya tiketi za dirishani, si juu ya pasi. Tarehe 27 Desemba 2024, katikati ya sikukuu, walinzi wa mlima wa Park City huko Utah, ambao kazi yao ni kuwaokoa walioumia na kulipua theluji inayotishia kuporomoka, waligoma kudai mshahara wao wa kuanzia utoke dola 21 ufike 23 kwa saa. Kwa muda wa siku kumi na tatu wageni waliolipa maelfu ya dola walisimama safu chini ya mlima uliofungwa kwa sehemu kubwa. Walinzi wakashinda.

Milima mingine je? Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Marekani ilikuwa na milima ya skii zaidi ya 700. Leo haifiki 500. Iliyokufa ni ile midogo ya karibu na nyumbani, yenye lifti moja na kibanda cha kahawa, ambako watoto wa mafundi na walimu walijifunza kuanguka na kuinuka. Wakati huo huo wateja hawakupungua. Msimu wa 2022 hadi 2023 ziliandikwa siku za kuteleza milioni 65.4, idadi ambayo haikupata kufikiwa kabla yake. Watu wengi zaidi katika milima michache zaidi: hesabu hiyo haihitaji mtaalamu.

Limebaki suala la makazi, nalo laonyesha vizuri kuliko yote jinsi msingi ule wa 1957 ulivyotoa matunda yake. Ardhi ya bondeni ni kidogo, imezungukwa na msitu wa umma, na nyumba nyingi ni za watu wanaokaa majuma machache kwa mwaka. Mpishi, dereva wa basi na mwalimu hawawezi kununua, na aghalabu hawawezi kupanga. Tangu mwaka 2017 serikali ya mji huwalipa wenye nyumba fedha ili waandike katika hati zao kwamba nyumba ile itakaliwa daima na mtu anayefanya kazi katika wilaya. Ni mpango wa busara, ingawa mji unanunua tena, kwa bei ya leo, haki ambayo ingaliweza kubakizwa bila gharama wakati viwanja vilipogawiwa.

Kampuni nayo ilileta mpango wa kujenga nyumba za wafanyakazi 165 katika kipande chake cha ardhi upande wa mashariki. Ikaonekana kwamba mahali pale ni malisho ya majira ya baridi ya kundi la kondoo-mwitu wenye pembe kubwa. Mwezi wa Mei 2022 madiwani walipiga kura ya kuitwaa ardhi hiyo kwa nguvu ya sheria ili kondoo wasisumbuliwe, na hoja ikapita kwa kura nne dhidi ya tatu. Waliotetea kondoo walikuwa na haki. Waliouliza kwa nini majumba makubwa ya jirani, yaliyokwisha kujengwa katika bonde lile lile, hayakuwahi kuulizwa habari za kondoo, nao walikuwa na haki. Nyumba zile hazikujengwa pale.

Kwa hiyo wafanyakazi wengi hukaa mbali. Baadhi yao hukaa Leadville, mji wa zamani wa machimbo ulio juu ya futi 10,000, na asubuhi kabla ya mapambazuko huvuka mlima kwa gari au kwa basi kwenda kuwasha lifti, kutandika vitanda na kufungua madirisha ya tiketi. Njia yao hupita kando ya bonde la Camp Hale, ambalo tangu Oktoba 2022 limewekwa kuwa ukumbusho wa taifa. Kutoka barabarani huonekana misingi ya saruji ya majengo ya askari, siku ambazo theluji haijaifunika.